Mama ameniambia nimwanikie sanda, kakangu ataka kumpeleka India

Assalaam aleikum na shikamoo, Somo.

Nakuandikia usiku. Mama amepata lepe la usingizi, nami nimekaa mlangoni pa chumba chake, hapa kwetu Majengo. Sijui nimwulize nani mwengine, kwa sababu kila niliyemwuliza katika ahali yetu ana upande wake.

Mamangu ana miaka 71. Baada ya Ramadhani iliyopita alianza kulalamika kwamba chakula chamkwama kifuani. Kwanza wali, kisha mkate, mwisho hata uji. Tulizunguka na dawa za vidonda vya tumbo mpaka akaingizwa kamera, akakatwa kinyama kidogo kikapimwa. Ikaonekana ni saratani ya umio, na alipopigwa picha ilikuwa imeshafika kwenye ini na mapafu. Daktari alituita mimi na kakangu wa pili, akatwambia kwa upole kwamba dawa za saratani haziwezi tena kuiondoa, zaweza tu kuichelewesha, na kwa jinsi mama alivyokonda hana hakika mwili wake utazihimili. Akatushauri tuangalie zaidi raha yake.

Tulipotoka pale tukakubaliana mama asiambiwe. Yeye anajua ana vidonda vya koo. Kila mgeni anayekuja kumjulia hali twamzuia kwanza barazani, tukamwonya asilitaje lile neno.

Kakangu mkubwa yuko Doha. Ndiye aliyetulea tangu baba alipofariki, na bili za hospitali zote amelipa yeye. Anataka kiuzwe kiwanja cha mama cha Mtwapa apelekwe India. Kama hawezi kusafiri, basi alazwe hospitali ya kibinafsi, na akizidiwa atiwe mashine ya kupumulia. Kakangu wa pili na mimi twaona mama amechoka. Nilipoandika hivyo kwenye kundi letu la WhatsApp, kaka akajibu: "Mnataka kumuua mama mkarithi kiwanja." Tangu siku hiyo sijalala vizuri.

Mama mwenyewe aliwahi kusema. Alipokuwa amelazwa alimwona mgonjwa wa kitanda cha pili ametiwa mipira puani na mdomoni, akanishika mkono akaniambia: "Mimi msinifanye vile. Nirudisheni kwangu niisikie adhana ya msikiti wetu." Kaka asema hayo ni maneno ya mgonjwa, hayafuatwi.

Sasa hata mate hayapiti. Ana kopo la maziwa ubavuni mwake, anatema humo. Daktari alimwandikia mofini ya maji, dawa kali ya kutuliza maumivu, lakini chupa iko kabatini haijafunguliwa. Khaloo asema hiyo ni ndugu yake unga wa kulevya, itamlevya na kumharakisha. Tena mtoto wa marehemu dadangu tunakaa naye hapa nyumbani, naye ni teja, twahofia ataiiba. Basi mama twampa panadoli za kusaga. Usiku nikimchungulia namwona ameing'ata ncha ya leso yake ili tusimsikie.

Juzi aliniambia nifungue kasha, niitoe sanda aliyokuja nayo kutoka hija, niianike kidogo juani kwa kuwa inanuka kasha. Nikamwambia, mama, wacha maneno hayo. Akanyamaza, akageukia ukutani.

Somo, nimwambie ukweli? Tukikataa India na mashine, tutakuwa tumemuua? Na hiyo mofini nifanyeje? Kuna moja jengine naona haya kulisema: nimejipata nikiwa kwenye sijda namwomba Mola amchukue. Ni mtoto gani anayeomba hivyo?

Binti wa Majengo

*

Wa aleikum salaam mwanangu, na marahaba.

Naanza na ile sanda, maana hapo ndipo mama alipowajibu nyote. Mtu anayekwambia umwanikie sanda yake anajua aendako. Amejua kwa mate yasiyopita, kwa nguo zinazompwaya, kwa wageni wanaoingia chumbani macho mekundu baada ya kuzuiwa barazani. Katika nyumba hiyo hakuna aliyefichwa kitu. Kilichopo ni kwamba mama ameachiwa abebe habari yake peke yake, na kila akijaribu kumtua nayo mtu mmoja wenu, anaambiwa awache maneno hayo. Sikulaumu. Nimeuguza wodini miaka mingi na nimeziona ahali nyingi zikifanya hivyo kwa mapenzi matupu. Lakini angalia mapenzi hayo yamemfikisha wapi: ana watoto watatu na hana wa kuzungumza naye.

Kwa hivyo rudi kwake. Chagua saa ambayo maumivu yametulia, toa watoto chumbani, kaa karibu na uso wake umwambie: "Mama, juzi ulipotaja sanda nilikukatiza. Leo nataka kukusikiliza. Mwenyewe waionaje hali yako?" Halafu nyamaza, hata kimya kikiwa kirefu kiasi cha kukutia wasiwasi. Wagonjwa hawako sawa. Kuna atakayetaka kujua kila kitu, na kuna atakayekwambia, "Hayo zungumzeni na daktari, mie niombeeni dua." Yote mawili ni haki yake. Wewe fuata kiasi anachouliza. Lile neno saratani si lazima litoke kinywani mwako. Daktari wake anaweza kumweleza nawe umeshika mkono wake. Lakini uongo ukome. Akikutazama akakuuliza, "Nitapona?" usimwambie ndiyo. Mwambie madaktari wameshindwa kuuondoa ugonjwa, ila hawajashindwa kumtuliza, na wewe huendi popote.

Mtu akishajua anapata kufanya mambo ambayo asiyejua hawezi kuyafanya. Ataomba na kutoa radhi. Atasema deni lake liko kwa nani. Ataandika wasia. Bila shaka umeisikia hadithi ya Saad bin Abi Waqqas alipougua, Mtume, rehema na amani zimfikie, akaenda kumzuru, na Saad akamwuliza autoe wasia kiasi gani cha mali yake. Akajibiwa theluthi, na theluthi ni nyingi. Saad aliweza kuuliza kwa sababu alidhani kifo kiko karibu. Mamako ana kiwanja Mtwapa ambacho mnakigombania kwenye simu, yeye yuko chumba cha pili, na hakuna aliyemwuliza anakitakia nini. Pengine anataka kiuzwe. Pengine theluthi yake anataka imwendee huyo mjukuu aliyeachwa na dadako. Kiwanja ni chake mpaka pumzi ya mwisho, na kukiuza bila yeye kutaka, hata kwa nia ya kumtibu, hamna haki hiyo.

Hali ni hiyo hiyo kwa mwili wake. Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 inampa mgonjwa haki ya kuelezwa hali yake kwa lugha anayoifahamu, na haki ya kukataa matibabu anayopendekezewa. Jamaa anaruhusiwa kumwamulia pale tu mgonjwa mwenyewe hawezi, na hata hapo, aliyeteuliwa na mgonjwa kwa maandishi humtangulia jamaa mwengine yeyote. Mamako akili zake ni timamu. Kwa hivyo kati yenu watatu hakuna mwenye kauli, si aliye Doha anayelipa, si nyinyi mnaomwogesha. Akishazungumza, mwombeni aandike, au aandikiwe na atie sahihi au kidole mbele ya mashahidi: nani amsemee ikifika siku hawezi kusema, na mambo gani hataki kufanyiwa. Nakala moja iwekwe kwenye faili lake la hospitali.

Sasa swali lako zito, kama kukataa ni kuua.

Kuna mambo matatu ambayo watu huyachanganya yakaonekana moja. Kumdunga mgonjwa sindano ili afe ni kuua. Dini yetu imekataza, sheria ya Kenya imekataza, na hakuna daktari aliyewapendekezea hilo. La pili ni kumwondoa kwenye mashine mgonjwa aliyekwisha tiwa. Hili wanavyuoni walilikalia kikao: Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, lilipokutana Amman mwaka 1986, liliamua kwamba madaktari bingwa wakithibitisha ubongo umekufa kabisa na hautarudi, inajuzu kuondoa mashine hata kama moyo bado unapigishwa nayo. La tatu ndilo lenu, nalo ni jepesi kuliko yote: mgonjwa mwenye akili zake, ugonjwa usioponyeka, anachagua asianzishiwe tiba nzito ambayo haitamponya. Katika madhehebu yetu ya Shafi asili ya kujitibu ni sunna. Dawa ambayo manufaa yake ni ya hakika ina hukumu nyengine, mfano mtu anayetokwa na damu ikawezekana kufungwa, lakini hapa daktari ameshawaambia hakuna hakika hiyo.

Na kuna hadithi ya Ibn Abbas, Allah awe radhi naye, ambayo naipenda sana kwa jambo hili. Mwanamke mmoja mwenye kifafa alimwendea Mtume akamtaka amwombee dua. Akamwambia: ukitaka, subiri na utapata Pepo, na ukitaka, nitamwomba Allah akuponye. Akachagua kusubiri, akaomba tu asiwe anafunuka nguo anapoanguka, na akaombewa hilo. Tazama vizuri. Aliyeulizwa ni mgonjwa mwenyewe. Hakuulizwa kakake. Na alichokiomba, aihifadhi stara yake, alipewa.

Mkitaka fatwa, msiende na swali la "je, tumwache mama afe?" Hakuna sheikh atakayejibu ndiyo. Nendeni na ripoti ya daktari na maneno ya mama mwenyewe, mseme ugonjwa umefika wapi, mashine itafanya nini na haitafanya nini. Mkampeleke kakenu naye kwa simu asikie jawabu kwa masikio yake. Lile la kiwanja, likija kuwa mirathi, ndilo la mahakama ya kadhi.

India. Sisemi India haina faida; wamekwenda watu wa Pwani wakarudi wazima. Lakini kabla ya kuuza udongo, tumeni kwanza karatasi: ripoti ya kile kinyama kilichopimwa, na picha alizopigwa. Hospitali kubwa za huko huzipokea na kutoa maoni mgonjwa akiwa angali kitandani kwake. Kazi hiyo mpe kakako, ataifanya vizuri na itampa pa kuushika ugonjwa huu akiwa mbali. Awaulize: tiba yenu itamponya, itamwongezea muda, au itampunguzia maumivu? Na muda huo ataupitisha vipi, kwa miguu yake au kitandani? Shirika la ndege nalo litataka barua ya daktari kwamba anaweza kusafiri. Mtu asiyemeza mate yake, saa zote zile angani, kisha mji asioujua mtu wala lugha. Na Mola akipitisha amri yake huko, ataletwa ndani ya sanduku mkazike Kikowani baada ya siku za makaratasi, badala ya kuzikwa siku ile ile na watu wa mtaa wake.

Kuiacha India si kumwacha mama bila tiba, na hapa ndipo ninapotaka uwe mkali kidogo na madaktari wa hapa. Muulize daktari wake kuhusu stenti. Ni kijimpira chenye wavu wa chuma, huingizwa kwa kamera hadi pale umio ulipozibwa, kikapanua njia. Hakigusi saratani, lakini mgonjwa aliyekuwa anatema mate kwenye kopo anaweza kumeza tena, uji, maziwa, mchuzi mwepesi. Huenda kwa mama kimeshachelewa, au uvimbe umekaa mahali pasipofaa. Hilo atasema daktari baada ya kuangalia. Tiba ya miale (mionzi) nayo, dozi chache, huweza kulegeza uvimbe na kutuliza maumivu. Kama kuna pesa za kaka zinazotafuta kazi, hizi ndizo kazi zake.

Mashine ya kupumulia nimeiona ikiwarudisha watu: kijana wa ajali ya pikipiki, mama mzazi aliyepata kifafa cha mimba, mtu wa nimonia kali. Hushika pumzi wakati mwili unapona kitu kinachopona. Kwa mamako hakuna kitu cha nyuma yake kinachongojewa kipone. Kakako ayajue haya kabla hajasema "atiwe": mpira hupita mdomoni hadi kwenye koo la hewa, kwa hivyo hatasema tena, hata shahada ataisema moyoni tu. Atalazwa kwa dawa ya usingizi, na mara nyengine mikono hufungwa asiung'oe. Nyinyi mtaingia kwa zamu, saa za kutazamana. Moyo ukisimama, watamkandamiza kifua kwa nguvu za kuvunja mbavu, na mgonjwa wa saratani iliyosambaa akikandamizwa hivyo ni nadra sana kutoka hospitali akiwa hai. Huyo ndiye yule mgonjwa wa kitanda cha pili. Mama amemwona kwa macho yake akasema hapana. Maneno ya mgonjwa hayafuatwi? Ni nani basi wa kufuatwa?

Lakini kakako msimpige kwa hoja hizi. Mtu aliyewalea akiwa kijana, akenda Ghuba kuwatafutia, akawa kila siku ndiye mwenye kutoa, leo anaambiwa hakuna cha kununua. Lile neno la kiwanja lilitoka kwenye uchungu huo. Halifai, na siku moja mwenyewe atakutaka radhi, ila leo usilidai. Yatoeni mazungumzo haya kwenye kundi la WhatsApp. Si mahali pa kuzungumzia mauti ya mzazi, kila jamaa anasoma na kutia neno. Mpigie usiku, peke yako. Mwombe azungumze na daktari kwa simu ya picha, amwulize mwenyewe, kwa sababu habari kama hizi zikipitia kinywani mwa mdogo wake anazisikia kama kisingizio. Kisha mwambie jambo moja: aje sasa. Asingoje kuitwa mazikoni. Nauli ya kuja kukaa na mama akiwa anamjua na kumsemesha itamfaa kuliko usiku wowote wa mashine. Akifika, kaeni kitako chumbani kwa mama, nyote, na mjomba au ami mmoja mnayemheshimu, mama aseme mwenyewe. Nimeona ugomvi wa miezi ukiisha kwa sentensi moja ya mgonjwa.

Sasa ile chupa, mwanangu. Haya mengine yaweza kungoja kakako apate ruhusa kazini. Leso ile inayong'atwa usiku haiwezi kungoja.

Khaloo wako hakusema upuuzi. Mofini hutoka kwenye afyuni, na heroini, ambayo ndiyo huo unga, hutengenezwa kutokana na mofini. Katika mji huu ambao karibu kila mtaa umezika kijana kwa unga, nani hatashtuka? Lakini dawa iliyopimwa na daktari kwa maumivu ya saratani haimfanyi mgonjwa teja. Teja anatafuta ulevi. Mamako akipata kipimo chake atatafuta kulala, kusali, kuongea na wajukuu. Wala haimharakishi ikitolewa inavyotakiwa, kuanzia kidogo na kupandishwa polepole. Kinachomchukua ni saratani. Maumivu nayo hula nguvu, hunyima usingizi, hukausha hata hamu ya kumtaja Mola.

Mpigie mfamasia wa hospitali umwulize kama chupa hiyo bado inafaa, kwa kuwa imekaa. Kisha uitoe kwa saa, kila baada ya saa nne kama alivyoandika daktari, bila kungoja mpaka aumwe. Ukingoja, kila mara unaanza kuyakimbiza maumivu yaliyokwisha kuchomoka. Muulize pia cha kumpa yakipenya katikati ya saa hizo. Siku mbili tatu za mwanzo atasinzia sana, na nyinyi mtaogopa. Sehemu ya usingizi huo ni deni la usiku wote ambao hakulala. Anaweza kutapika mwanzoni, ipo dawa yake. Kufunga choo hakuna budi, kwa hivyo dawa ya kulainisha choo ianze siku moja na mofini, wala msingoje afunge. Na kama hata matone ya maji hayapiti tena, mwambieni daktari: zipo njia nyengine, sindano ndogo chini ya ngozi, au plasta ya kubandika. Panadoli za kusaga kwa saratani iliyofika kwenye ini, naomba uulize leo hii kama hata zinamfaa.

Mjukuu ni khofu ya kweli, na chupa ikiwa naye si wizi tu: anaweza kuinywa yote kwa mara moja akaacha kupumua. Nunua kijisanduku cha chuma na kufuli, ufunguo ukae shingoni mwako. Chukua daftari la shule, kila dozi iandikwe saa, mililita ngapi, nani aliyetoa, na zimebaki ngapi. Itakayobaki mwisho irudishwe hospitali. Halafu mwambie kijana wazi, bila matusi, kwamba dawa ya bibi imefungiwa na kwa nini. Muache aingie amwone, ampepee, amshikie kopo. Kisauni iko kliniki ya methadoni, dawa ya kumsaidia teja kuacha unga, na siku hizi, bibi akiwa hivi, pengine ndizo siku atakazokubali kwenda mkimbembeleza. Asipokubali, kijisanduku kibaki kimefungwa.

Mwombe daktari barua ya kwenda hospisi. Hapa Mombasa tuna Coast Hospice. Kazi ya hospisi ni hii hii ninayokueleza, ila wao wataifanya wakimwona mgonjwa: kupanga mofini, kufundisha jamaa kumgeuza na kumsafisha kinywa, kukaa na ndugu wanaogombana. Usiwangoje mpaka siku za mwisho kama watu wengi wanavyofanya.

Na kama mama atachagua nyumbani, jitayarisheni usiku usije ukawashtukiza. Miguu na mikono itakuwa baridi. Pumzi itakwenda, itasimama, itarudi. Anaweza kukoroma kwa makohozi yaliyo kooni. Sauti hiyo huwatesa wanaomsikiliza kuliko inavyomtesa yeye, mlazeni ubavu. Hatataka chakula, na msimlishe kwa nguvu, maji yatamwendea mapafuni. Loweni pamba mumpanguse midomo. Hapo ndipo watu hubabaika, wakaita ambulansi, na mgonjwa aliyetaka kusikia adhana ya msikiti wake akamalizikia kwenye taa za hospitali. Andikeni nambari ya nesi wa hospisi na ya daktari kwenye karatasi, ibandikwe ukutani, mpige hizo kwanza. Kifo cha nyumbani huandikishwa kwa naibu wa chifu ndipo mpate kibali cha kuzika, kwa hivyo kitambulisho cha mama na barua ya daktari inayotaja ugonjwa viwekwe pamoja mahali mnapojua nyote.

Limebaki lile uliloliona haya. Mtume alitukataza kutamani mauti kwa sababu ya dhiki, lakini alijua dhiki huzidi, akatupa maneno ya kusema: Ewe Mola, niweke hai maadamu uhai una kheri kwangu, na unifishe mauti yakiwa na kheri kwangu. Mwombee mamako hivyo kwenye sijda hiyo hiyo. Hukuchoka na mamako, umechoka na kuyaona maumivu yake, na mengi kati ya hayo yana dawa ndani ya kabati lako. Kesho asubuhi mpigie mfamasia, na kabla ya usiku mwambie mke wa kakako wa pili aje ashike zamu mpaka alfajiri. Mwonyeshe daftari, mkabidhi ufunguo, ukalale chumba cha mbali ambako hutasikia kila kikohozi.

Somo